Sentensi Ambayo Hilda Hakuiandika

Ni Jumamosi asubuhi, mtaa wa Soweto, Moshi mjini. Chumba hiki kilikuwa stoo ya mbolea, na siku za joto harufu yake bado inatoka ukutani. Leo kimejaa vijana wa kidato cha sita waliobanana kwenye mabenchi, madaftari mapajani. Mbele yao amesimama mwanamke mrefu aliyevaa sweta la kijivu, mikono ameifunga nyuma. Hana chaki wala kalamu.

"Brenda, tusomee," anasema.

Msichana wa benchi la mbele anasafisha koo na kuanza kusoma jibu lake la swali la tamthiliya. "Mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa kuonyesha dhamira ya umaskini katika jamii zetu za leo..."

"Ngoja kwanza. Hapo anaongea nani?"

"Mimi, Mwalimu."

"Ukiwa nyumbani huwa unamwambia mama yako 'kwa kiasi kikubwa'?"

Benchi la nyuma linacheka. Brenda naye anacheka, kisha anakiri kwamba maneno hayo ameyatoa kwenye kitabu cha maswali na majibu.

"Basi kiweke pembeni. Mjane wa kwenye tamthiliya anawaambia wanawe, 'Mimi nimeshiba.' Ameshiba?"

"Hajashiba."

"Umejuaje?"

Brenda anafikiri. "Tangu onyesho lianze hajakaa chini hata mara moja. Mtu anayekula anakaa."

Uso wa mwalimu unalainika. "Hivyo ulivyosema, ndivyo uandike."

Brenda anaandika, kisha anamnyooshea daftari pamoja na kalamu. "Nipangie vizuri kidogo, Mwalimu. Naona kama imekaa kienyeji."

Mikono ya mwalimu inabaki nyuma. "Hapana, mwanangu. Kama imekaa kienyeji, iache ikae."

Huyo ndiye Hilaria Tesha, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, mwalimu mstaafu wa Kiswahili na Kiingereza. Kazi yake sasa ni kuwasaidia wanafunzi wa aina mbili. Wengi huja kujifunza uchambuzi wa fasihi kwa ajili ya mtihani wa taifa. Wachache huja na insha za kuombea vyuo vya nje ya nchi. Anayeweza kulipa hulipa ada ndogo ya mwezi, na asiyeweza huja na parachichi kwenye mfuko wa rambo, au haji na kitu.

Wazazi wa Soweto humwita "Mama wa insha". Jina hilo zamani lilimfurahisha. Siku hizi akiitwa hivyo huitika tu.

Alizaliwa Kilema, kwenye nyumba iliyozungukwa na migomba na kahawa, karibu kiasi cha kusikia kengele ya misheni. Baba yake alikuwa mtu wa hadithi. Jioni akiwa anamenya ndizi aliwasimulia watoto mambo ya vita vya zamani vya wamangi, watawala wa Wachagga, na kila alipofika mahali patamu alinyamaza na kuuliza, "Sasa hapo yeye aliwaza nini?" Hilaria anasema hilo ndilo lililomfanya mwalimu wa fasihi, miaka mingi kabla hajakanyaga chuo cha ualimu.

Alifundisha shule za serikali kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipostaafu, mumewe Efraimu alitoa mifuko ya mbolea stoo, akapaka chokaa na kuchonga mabenchi. "Nilijua hawezi kukaa bila wanafunzi," anasema Efraimu, mzee mpole anayepita pita uani na birika la chai. "Angeanza kunisahihisha mimi."

Insha za vyuo vya nje zilikuja kwa bahati tu. Hapa nchini mwanafunzi huombea chuo kwa alama zake. Vyuo vingi vya nje, hasa vinavyotoa ufadhili kamili, huongeza swali lingine: wewe ni nani? Mwombaji hutakiwa kueleza maisha yake kwa kurasa chache, kwa Kiingereza, kwa watu ambao hajawahi kuwaona.

"Kwa watoto wetu hilo ni zito," anaeleza Hilaria. "Tangu darasa la kwanza tumemkataza kusema 'mimi' kwenye insha. Tumemwambia aandike 'jamii', 'wananchi', 'watu wengi'. Halafu siku moja mtu wa mbali anamwambia aseme mimi. Anatetemeka. Mwenyewe hajui mimi ni nani."

Kijana wa kwanza aliyemsaidia alipata nafasi. Akafuata wa pili, halafu dada wawili wa familia moja. Habari zikasambaa makanisani na sokoni kwamba kuna mama Soweto anajua kuandika maneno ya kufungua milango.

Hapo ndipo Hilda alipokuja.

Hilda naye alitokea Kilema, katika kijiji jirani na kile alichozaliwa Hilaria. Alilelewa na bibi yake, Margareta, mkulima wa kahawa na mfugaji wa ng'ombe mmoja wa maziwa anayefungwa bandani. Alikuwa amemaliza kidato cha sita kwa alama nzuri, tahasusi ya historia, Kiswahili na Kiingereza. Hakuwa mwongeaji. Alikaa pembeni, akasikiliza, na akiulizwa alijibu jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifikiria.

"Nimefundisha maelfu," anasema Hilaria. "Wenye akili ni wengi. Wenye jicho ni wachache. Yule alikuwa na jicho."

Chuo kimoja cha nje kilitangaza ufadhili kamili, masomo na nauli. Swali la insha lilikuwa rahisi kulisoma: eleza jambo ulilojifunza ambalo hukufundishwa na mwalimu yeyote. Hilda aliandika kuhusu majani ya ng'ombe.

Wanawake wa milimani hushuka tambarare kukata majani, kuyafunga mizigo na kupanda nayo kichwani. Hilda alifanya hivyo na bibi yake tangu akiwa mdogo. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na Kiingereza kilichopinda pinda, vitenzi vikigongana na nyakati. Lakini Hilaria anaikumbuka sehemu moja neno kwa neno. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi: "Tukipanda, bibi anauongelesha mzigo wa majani. Mimi niko nyuma yake. Mzigo haujibu, lakini naona unamsikiliza."

"Niliposoma pale nilicheka peke yangu," anasema. "Nilijua ni kitu kizuri. Hilo ndilo linaloniuma. Sikuwa kipofu. Niliona kwamba ni kizuri, halafu nikaogopa."

Aliogopa kwamba wasomaji wa ng'ambo wasingeelewa. Mzigo unasikilizaje? Aliogopa kwamba Kiingereza kilichopinda kingemfanya mtoto aonekane hajui. Basi akachukua kalamu. Alinyoosha sentensi ya kwanza, akanyoosha ya pili. Alipofika kwenye mzigo, aliufuta wote, na mahali pake akaandika sentensi yake mwenyewe: "Kutoka kwa bibi yangu nilijifunza kwamba uvumilivu ndio mzigo pekee unaomwinua yule anayeubeba."

Hilda aliisoma.

"Unaionaje?" Hilaria alimuuliza.

"Ni nzuri sana, Mwalimu," Hilda alijibu. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini bibi hasemi hivyo."

"Bibi haombi chuo, mwanangu. Unaomba wewe."

Hilda akainakili upya kama ilivyosahihishwa, akaituma. Dirisha la maombi ya vyuo vya hapa nchini lilikuwa linafungwa kipindi hichohicho, na msichana aliuliza kama aombe na huku pia, kwa tahadhari. Hilaria alimshauri asubiri. Aliamini nafasi ile ilikuwa imeshapatikana.

Baada ya Mwaka Mpya jibu lilikuja kwenye simu ya Hilda. Chuo kilieleza kwamba insha yake ilikuwa imepitishwa kwenye programu ya ukaguzi, na programu hiyo ilionyesha kuna uwezekano kwamba imeandikwa na akili mnemba. Hata hivyo, alama zake ziliwavutia, hivyo wangependa kuzungumza naye kwa video kabla ya kuamua.

Hilaria alipoambiwa alikasirika. Hajawahi kutumia programu ya kuandikia. Hata ujumbe wa simu huandikiwa na Efraimu. Lakini hasira ilipotulia, alikwenda kuisoma tena ile insha. "Niliisoma kama ninavyowafundisha watoto kusoma," anasema. "Nikajiuliza, anaongea nani hapa? Sikumwona mtu. Iliteleza mwanzo hadi mwisho kama sabuni. Yale yaliyopinda, yale ambayo yangeonyesha kwamba hapa pamepita binti wa Kilema, nilikuwa nimeyafuta kwa mkono wangu."

Mazungumzo yalifanyika katika chumba hikihiki, kwenye kompyuta ya kuazima kwa mwalimu jirani. Hilda alivaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi. Hilaria alikaa kando, mahali ambapo kamera haikumfikia, rozari mkononi.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Kwenye skrini kulikuwa na mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wote wenye bashasha. Waliuliza habari za shule, za mlima, za kahawa. Hilda alijibu polepole, kwa Kiingereza chake mwenyewe, na wao wakawa wanatabasamu. Kisha yule mwanamke akasema kuna sentensi imemgusa, akaisoma kwa sauti. Ilikuwa ile ya uvumilivu.

"Ulimaanisha nini hapo?" aliuliza.

Hilda aliitazama skrini. Hilaria anasema alimwona akigeuza macho kidogo upande wake, kisha akayarudisha.

"Hiyo siyo yangu," alisema. "Ni ya mwalimu wangu. Alinisaidia."

Mwanamke hakukasirika. Aliinama mbele kana kwamba anataka kusikia vizuri zaidi. "Na yako ilikuwaje?"

Hilda alikuwa ameisoma ile iliyosahihishwa mara nyingi, akaikariri ili asije akaulizwa akakwama, na sasa ilikuwa imekalia mahali pa ile ya kwanza. Alisema kitu kuhusu majani. Alisema kitu kuhusu bibi. Halafu akasema kwamba hakumbuki.

"Mimi niliikumbuka," anasema Hilaria, na hapa sauti yake inashuka. "Nilikuwa nayo mdomoni, hatua mbili kutoka pale alipokaa. Sikuweza kuisema. Ningeisema ningekuwa naandika tena kwa niaba yake."

Wale wawili walimshukuru Hilda kwa ukweli wake. Jibu la mwisho halikuchelewa: wamesikitika, hawawezi kuendelea na maombi ambayo hawana hakika ni kazi ya mwombaji, wanamtakia kila la heri.

Efraimu alikuwa anapalilia mboga uani alipopewa habari. Hakumlaumu mkewe. Alisema tu, "Ulimsaidia mpaka ukampita," akaendelea kupalilia. Hilaria anasema hajawahi kusikia mtu akilisema vizuri zaidi, na kwamba usiku ule hakula.

Alimwandikia mwanamke wa chuo barua ya kueleza kwamba kosa ni lake, si la msichana. Alijibiwa kwa adabu kwamba uamuzi umeshatolewa.

Wiki kadhaa zikapita Hilda hajaonekana Soweto. Alikuwa amepata kazi kwa mtu mwenye kikundi cha kupokea watalii Kilema, kuwatembeza vihambani, kwenye mashamba ya migomba na kahawa, kuwaonyesha namna kahawa inavyochumwa, inavyokaangwa na kutwangwa. Ndipo Hilaria alipoamua kupanda Kilema kumfuata.

Kabla ya kufika aliomba jani la sale kwenye uzio wa jirani, akalipiga fundo. Kwa Wachagga jani hilo ndilo la kuombea msamaha. Anayeletewa ni vigumu sana kukataa. Hilaria alikuwa amewaona wazee wakilitumia kwenye kesi za mipaka na za damu. Hakuwahi kufikiri siku moja atalibeba kwa sababu ya sentensi.

Bibi Margareta alikuwa mlangoni mwa banda, ndoo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu, karibu ndani. Mbona umebeba sale? Nani amekosa?"

"Mimi."

Aliketishwa, akaletewa bakuli la mtori wa ndizi. Hilda alirudi kutoka kwa wageni wake, vumbi miguuni, akamwamkia mwalimu na kukaa kwenye kigoda karibu na bibi yake. Hilaria alisimama, akalishika jani kwa mikono miwili na kumpa.

Hilda alilipokea. "Nimekusamehe, Mwalimu," alisema. "Siku ileile nilikuwa nimeshakusamehe. Ulinitakia mema."

Bibi Margareta, ambaye muda wote alikuwa anawatazama kwa zamu, aliuliza hasa kilichoandikwa ni kitu gani. Hilaria akamweleza kwa Kichagga: kwamba mjukuu wake aliandika namna bibi anavyouongelesha mzigo, na kwamba yeye mwalimu alilifuta hilo, akaandika kuhusu uvumilivu.

"Uvumilivu wa nani?"

"Wako, mama."

Bibi yule alicheka mpaka akashika mbavu. "Mimi? Mwalimu wee! Mimi nilikuwa nautukana ule mzigo. Ulikuwa unanichoma shingo njia nzima. Nilikuwa nauambia, shuka basi ujibebe mwenyewe!"

Hilda naye alicheka, na Hilaria akajikuta anacheka hadi machozi. Anasema kwa dakika ile ilikuwa kama hakuna kilichoharibika. Kisha Bibi Margareta akamshika mjukuu wake goti. "Kumbe aliandika vile vile nilivyokuwa nasema," alisema taratibu. "Na hayo ndiyo yaliyofutwa."

Ng'ombe alikuwa anagonga ubao wa banda akidai chakula, na Hilda akainuka kwenda kumpa.

Wakati wa kuaga, Hilda alimsindikiza mwalimu hadi barabarani. Hilaria alimwambia mlango haujafungwa. Wangeweza kuanza upya, insha mpya, chuo kingine, na safari hii asingeigusa hata nukta.

"Hapana, Mwalimu. Asante."

"Basi andika tu. Hata bila chuo."

Hilda alitazama chini, kule tambarare inakoanzia. "Nikikaa kuandika naisikia ile yako kwanza," alisema. "Inakuja yenyewe. Ni nzuri, inaniziba."

Hilaria anasimulia maneno hayo akiwa amekaa kwenye benchi la wanafunzi, chumba kimeshabaki kitupu, Jumamosi imekatika. Anasema kati ya yote yaliyotokea, hayo ndiyo anayolala nayo. Chuo kimoja kikikataa kuna kingine. "Lakini mtoto aliyekuja hapa na sauti yake, akaondoka na yangu, nitamrudishiaje? Jani la sale linaleta msamaha. Kurudisha sauti haliwezi."

Tangu hapo hashiki kalamu ya mwanafunzi. Anauliza tu: nani anaongea, umejuaje, ulisikia nini, ilikuwa na rangi gani. Baadhi ya wazazi hawajapendezwa. Mmoja alimtoa mwanawe, akilalamika kwamba analipia masahihisho na hayaoni. Wanafunzi wa insha za nje wamepungua, na waliopo hutuma kazi zenye mikunjo. Mwaka huu kijana mmoja wa Mabogini amepata nafasi kwa insha kuhusu zamu za maji ya mpunga, Kiingereza chake kikichechemea kila baada ya mistari michache. Hilaria alifurahi, akampikia chai. Kijana alipoondoka, Hilaria aliingia jikoni, akalia.

Na Hilda? Mwaka huu aliomba chuo hapa nchini, mwenyewe, bila kumwambia mtu. Alichaguliwa, na sasa yuko Dodoma anasomea utunzaji wa nyaraka. Kabla ya kusafiri alipita Soweto kuaga. Efraimu alimuuliza masomo hayo yanahusu nini hasa.

"Ni kupanga yaliyoandikwa na wengine, babu, yasipotee," alijibu.

Alisema kwa uchangamfu, na Efraimu anasema hadhani kama alikuwa anamchoma mtu. Ni kazi nzuri, ina ajira. Hilaria alimpa kanga na kumtakia safari njema.

Mwezi wa kumi na mbili Hilda atarudi Kilema, kama warudivyo wote. Hilaria amepanga kupanda siku ya pili ya Krismasi. Alikuwa amewaza kumbebea daftari jipya, akalinunua kabisa, halafu akampa mwanafunzi mwingine.

"Nitabeba sukari," anasema, akifunga dirisha la chumba. "Nitamwamkia bibi yake, tutakula, tutaongea habari za ng'ombe. Kuhusu kuandika sitauliza neno. Akitaka kuniambia ataniambia. Na asiponiambia, nitakaa naye mpaka jioni, kisha nitashuka."